Mungu hakupakia ile boti



Kila kunapokuwa kilio hapa kwetu, tunasikia neno moja: « Mungu njo alipanga. » Leo tuliangalie hilo neno vizuri, bila kuvunja imani ya mtu.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti MV Merdi ilitoka Minova kuja Goma. Ilizama mbele ya bandari ya Kituku, karibu kabisa kufika, watu wa ngambo wakiiona kwa macho. Gavana wa Sud-Kivu alisema mulikuwa abiria 278 na kwamba 78 walikufa. Kisha serikali ya Kinshasa ikatoa hesabu ingine: 34. Boti moja, hesabu mbili! Kama kungekuwa orodha ya abiria ya kuaminika, tusingebishana juu ya maiti.

Kwenye vilio watu walisema mambo mawili. Wa kwanza: « Ilikuwa siku yao, Mungu njo anajua. » Wa pili: « Bakubwa bamekwisha kupanga kwa siri, banataka kutumaliza. » Mtu anaona hayo maneno yanapingana. Mimi naona ni mapacha. Moja linapeleka jambo mbinguni, lingine linalipeleka gizani. Na yote mawili yanamwacha aliyeamua alale usingizi mzuri, bila jina.

Maamuzi ya siri yapo kweli. Lakini mengi hayafanyiki katika kikao cha usiku. Yanafanyika mchana, bandarini, na ni madogo madogo. Boti haijipakii yenyewe. Kuna anayepokea makuta ya abiria mmoja zaidi. Kuna anayeongeza gunia. Kuna mtu wa Leta ambaye kazi yake ni kuikagua kabla haijaondoka. Na kuna maamuzi makubwa pia: vita ilifunga barabara ya Minova kupitia Sake, mama muuzaji akabaki na ziwa tu. Hakuchagua maji. Walimchagulia.

Tena tulikuwa tumeonywa. Mwaka 2019, boti ilizama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea. Rais Tshisekedi alifika mwenyewe, akasema kila abiria lazima avae jile ya kuokolea. Basi, kati ya ile amri na Kituku, nani aliamua kwamba haina haja kufuatwa? Hilo njo swali.

Wale tunaosali, tufungue Biblia. Katika Luka sura ya 13, Yesu anasema juu ya mnara wa Siloamu ulioua watu 18. Alikataa kabisa kusema kwamba walikuwa wenye zambi kuliko wengine. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya paa, kwa sababu mtu akianguka, damu itakuwa juu ya nyumba yake. Haisemi « ilikuwa siku yake ». Inauliza ukingo uko wapi. Ndugu zetu Waislamu nao wanajua mafundisho ya Mtume juu ya ngamia: umfunge kwanza, kisha umtegemee Mungu.

Kwa hiyo kumwamini Mungu hakutuzuii kuuliza. Kunatulazimisha.

Tunaomba mambo matatu. Orodha ya abiria iandikwe kabla ya safari, nakala ibaki bandarini. Jile kwa kila abiria, na boti isiyo nazo isitoke. Wenye waliruhusu boti zilizojaa kupita kiasi wajibu mbele ya sheria, kwa majina.

Na sisi? Wengi wetu tuko na diplome lakini bila kazi. Wakati tuko nao. Twende bandarini wawili wawili, tuhesabu watu, tuandike saa na jina la boti, tutangaze. Uamuzi ukishaandikwa, hauko tena siri.

Tuwaombee wafu wetu. Tukimaliza kusema Amina, tuulize nani alitia sahihi.