Ukubwa ni Jaa: Kocha Hodari Anapohamia Timu Kubwa

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni



Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili mwaka 2014, nilikuwa nimebanana na vijana katika kibanda umiza kimoja hapa mjini, tukitazama Everton ikipambana na Manchester United. Everton ilishinda kwa mabao mawili kwa bila. Bao la kwanza lilifungwa na Leighton Baines kwa penalti, la pili na Kevin Mirallas. Siku mbili baadaye meneja wa Manchester United, David Moyes, alifukuzwa kazi. Vijana wakashangilia. Nami, mtu mzima mwenye mvi, nikashangilia pamoja nao.

Tangu siku hiyo nimelirudia jambo hili moyoni mara nyingi. Baines na Mirallas wote wawili walisajiliwa Everton wakati Moyes mwenyewe akiwa meneja wa timu hiyo. Yaani yule bwana alichapwa kwa fimbo aliyoichonga kwa mikono yake. Ndipo najiuliza, na leo nawaomba tuulizane sote: mtu aliyejua kuchagua wachezaji wa namna hiyo, akaiongoza Everton kwa miaka 11, iweje aonekane hajui kitu katika muda wa miezi kumi tu?

Wala Moyes si wa kwanza kupatwa na mkasa huu. Roy Hodgson aliichukua Fulham mwishoni mwa mwaka 2007 ikiwa inachungulia kaburi. Akaiokoa isishuke daraja, msimu uliofuata akaifikisha nafasi ya saba, na mwaka 2010 akaifikisha fainali ya Ligi ya Europa baada ya kuitoa Juventus njiani. Liverpool wakamwita. Aliingia Julai 2010, na Januari 2011 akawa ameshafungasha virago. Graham Potter naye aliifanya Brighton icheze mpira wa kuvutia, ikamaliza ya tisa mwaka 2022. Chelsea wakamchukua Septemba ya mwaka huohuo. Aprili iliyofuata hakuwa na kazi.

Na wazee wenzangu watamkumbuka Brian Clough. Huyu aliipa Derby County ubingwa wa Uingereza mwaka 1972. Mwaka 1974 akakabidhiwa Leeds United, waliokuwa mabingwa wakati huo, akadumu siku 44. Kisha akaenda Nottingham Forest, timu ya daraja la pili, akaipandisha, akaipa ubingwa wa nchi mwaka 1978, na Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, mwaka 1979 na 1980. Sasa nani atathubutu kusema kwamba Clough hakujua kazi?

Sababu ya kwanza ya mambo haya, kwa maoni yangu, ni hesabu. Chukueni msimu wa 2012/13, ambao ulikuwa wa mwisho kwa Moyes kule Everton. Katika michezo 38 ya ligi, Everton ilipoteza michezo saba tu. Manchester United, waliotwaa ubingwa, walipoteza mitano. Tofauti ya michezo miwili! Lakini bingwa alikuwa na pointi 89, na Everton ilikuwa ya sita na pointi 63. Pointi 26 zilipotelea wapi? Zilipotelea katika sare. Everton ilitoka sare mara 15, Manchester United mara tano.

Hapo ndipo pana siri yenyewe. Everton ya Moyes ilikuwa ngumu kufungwa. Ilijipanga vizuri, ilikaba kwa bidii, ilivumilia. Kwa timu ya wastani, pointi moja ugenini ni faida. Meneja anarudi nyumbani akipokewa kwa makofi. Kwa timu kubwa pointi hiyohiyo moja ni hasara. Mtu aliyeshinda maisha yake kwa ujuzi wa kutofungwa anaambiwa ghafla kwamba kutofungwa hakutoshi, sharti ashinde, na ashinde kila wiki. Hiyo si kazi ileile iliyoongezwa mshahara. Ni kazi nyingine kabisa, ingawa jina lake halikubadilika.

Sababu ya pili iko uwanjani. Timu kubwa inapokuja kucheza na timu ya wastani, inakuja kushambulia. Inaacha nafasi nyuma, na kocha mjanja anazitumia nafasi hizo kwa mashambulizi ya kushtukiza. Lakini ukishakuwa wewe ndiwe timu kubwa, wageni hawaji kwako kushambulia. Wanajazana golini mwao kama watu waliokimbia mvua. Sasa lazima uwe na ufunguo wa kufungua mlango uliokomewa kwa ndani. Tarehe 9 Februari 2014 Manchester United ya Moyes ilicheza nyumbani na Fulham, timu iliyokuwa ikiburuta mkia na ambayo ilishuka daraja msimu huohuo. United walipiga krosi zaidi ya 80. Themanini, ndugu zangu! Mpira ukawa unamwagwa kutoka kulia, unamwagwa kutoka kushoto, mabeki wa Fulham wanaupiga kichwa. Mchezo ukaisha sare ya mabao mawili kwa mawili. Mtu mwenye ufunguo mmoja akikuta mlango haufunguki, huuzungusha ufunguo uleule hata uvunjike.

Sababu ya tatu ni heshima ya chumba cha kubadilishia nguo. Katika timu ya wastani kocha ndiye mkubwa. Wachezaji wengi amewatoa mbali yeye mwenyewe, na wanajua kwamba bila yeye wasingesikika. Manchester United, Moyes alimkuta Ryan Giggs mwenye medali 13 za ubingwa wa ligi. Yeye Moyes, kwa miaka yake yote ya Everton, hakuwahi kutwaa kombe. Fainali ya Kombe la FA ya mwaka 2009 alifungwa na Chelsea. Tena alipoingia aliwaondoa wasaidizi waliofanya kazi na Sir Alex Ferguson, akaja na wa kwake kutoka Everton. Kila mtu ana haki ya kuja na watu wake. Lakini mgeni anayeingia katika nyumba ya watu akaanza kwa kuhamisha vyungu jikoni, asishangae chakula kikichelewa.

Clough, inasimuliwa, alikosea zaidi. Siku za mwanzo kule Leeds aliwaambia wachezaji wake wazitupe medali zao, kwa kuwa hawakuzipata kwa haki. Maneno hayo angeyasema kwa vijana wa timu ndogo wangecheka. Kwa mabingwa yalikuwa matusi.

Sababu ya nne, nayo kwangu ndiyo kubwa, ni muda. Watu wengi wamesahau kwamba mwaka 2004 Everton ya Moyes ilimaliza ligi ikiwa ya 17, nafasi moja tu juu ya shimo. Hakufukuzwa. Viongozi walimwacha, na mwaka uliofuata, 2005, timu ileile ikamaliza ya nne. Manchester United walimpa mkataba wa miaka sita, wakamvumilia miezi kumi. Mkataba wa timu kubwa una miaka mingi kwenye karatasi, lakini unahesabiwa kwa Jumamosi.

Najua yupo msikilizaji atakayenikatiza: Mbona Ferguson mwenyewe alitoka timu ndogo? Ni kweli. Alitoka Aberdeen ya Scotland. Lakini tazameni vizuri. Kwanza, Aberdeen aliyoiacha ilikwisha kuzoea ubingwa. Mwaka 1983 iliifunga Real Madrid katika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya. Ferguson alikuja akiwa amekwisha jifunza kazi ya kushinda, si ya kutofungwa peke yake. Pili, aliingia Manchester United Novemba 1986, na kombe lake la kwanza lilikuja Mei 1990. Ubingwa wa ligi ukaja mwaka 1993. Katikati ya hapo washabiki waliwahi kuning'iniza kitambaa uwanjani kumtaka aondoke. Angehukumiwa kwa miezi kumi, leo tusingekuwa tunalitaja jina lake.

Tena tusimtwike Moyes mzigo wote. Baada yake Manchester United waliwaajiri Louis van Gaal na José Mourinho, watu waliokwisha kutwaa ubingwa katika nchi kadhaa. Wakafuata wengine. Makombe mengine yalipatikana, lakini mpaka msimu wa 2024/25 unamalizika hakuna hata mmoja aliyelirudisha kombe la ligi. Nyumba ikivuja kwa kila mpangaji, tuache kumtukana mpangaji, tupande tukaangalie paa. Potter naye, kule Chelsea, Januari 2023 alimwagiwa kundi la wachezaji wapya katikati ya msimu, akiwamo Enzo Fernández aliyenunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 100. Kocha aliyezoea kufinyanga chungu kimoja polepole alitupiwa udongo wa vyungu kumi, akaambiwa wageni wamekwisha kaa mezani.

Ndugu wasikilizaji, mambo haya si ya Uingereza peke yake. Hapa kwetu kocha wa Simba au Yanga akitoka sare na timu ya mkoani, mji mzima unakuwa kama una msiba. Na hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya timu moja ya mtaani iliyokuwa na jina na wapenzi wengi. Kila mwaka tulisumbuliwa na timu ndogo ya jirani, timu ambayo wachezaji wake walikuwa wakiazimana viatu. Tulikuwa hatuwafungi. Tukaona dawa ni kumchukua kocha wao. Tukampa jezi mpya, mipira mipya, na wachezaji waliokwisha kuzoea kusifiwa. Katika michezo minne ya kwanza tukatoka sare mitatu. Wapenzi wakaja juu. Kamati ikakutana chini ya mwembe, haikuchukua hata nusu saa. Barua ya kumwachisha niliiandika mimi, mistari miwili.

Alipoisoma aliikunja taratibu, akaitia mfukoni. Akaniambia, "Kaka, mlinichukua kwa sababu timu yangu ilikuwa haifungwi. Na hii nayo mpaka leo haijafungwa. Sasa kosa langu ni lipi?"

Sikuwa na la kumjibu. Akarudi kwenye timu yake ndogo. Mwaka uliofuata tulikutana nao, tukatoka sare ya bila kufungana, na watu wake wakambeba juu juu mpaka barabarani. Sare ileile iliyomfukuzisha kazi kwetu ndiyo iliyompandisha mabegani kwao. Nilisimama pembeni nikimtazama, nikaona aibu.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Kila mwenye taka huja kuzitupa hapo. Anayetaka ukubwa ajue hilo kabla hajasaini mkataba. Lakini na sisi tunaowapa watu ukubwa tuna wajibu wetu. Kabla ya kumchukua mtu kwa sababu amefanya vizuri mahali fulani, tujiulize alifanya nini hasa, na je, hicho ndicho tunachokihitaji? Mwalimu hodari wa darasa si lazima awe mwalimu mkuu hodari. Fundi bingwa wa karakana si lazima awe meneja mzuri wa kiwanda. Tukimhamisha mtu kutoka mahali alipong'ara, tukamnyima muda wa kujifunza kazi mpya, halafu tukamwita hafai, tumepoteza watu wawili kwa mpigo: fundi tuliyekuwa naye, na meneja ambaye pengine angepatikana.

Na kwa yule aliyeshushwa, si mwisho wa dunia. Moyes alipita kwingine, akaanguka tena, kule Sunderland timu ikamshukia daraja mikononi. Lakini tarehe 7 Juni 2023, mjini Prague, aliiongoza West Ham kuifunga Fiorentina mabao mawili kwa moja na kutwaa kombe la Ulaya la Conference, kombe kubwa la kwanza kwa klabu hiyo tangu 1980. Januari 2025 Everton ilikuwa na hali mbaya, ikatafuta mtu wa kuiokoa. Ikamwita nani? Ikamwita Moyes, naye akaiokoa. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Wale vijana wa kibanda umiza sijui wako wapi leo. Mimi nayafuta makofi yangu ya siku ile. Na yule kocha wetu wa mtaani, kama yu hai na ananisikia, naomba anisamehe ile mistari miwili.