Dawa Mpya ya Nywele: Imekuja, au Inakuja?

  Kama kuna chungu jikoni, punguza moto kidogo, uvute kigoda karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya nywele.

Najua kuna atakayesema, "Nywele si ugonjwa. Tuzungumzie malaria na nimonia." Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Lakini mwezi uliopita mama mmoja aliingia kliniki akiwa na binti yake wa miaka 9. Mtoto alikuwa amejifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, akakishika kwa mikono miwili. Tulimbembeleza kwa muda mrefu. Alipokifungua tukaona viraka viwili visivyo na unywele hata mmoja, laini kama ganda la yai, kimoja kisogoni na kingine juu ya sikio. Shuleni walikuwa wakimwambia ana Ukimwi. Alikuwa na siku nane hajakanyaga darasani.

Mama yake akatoa simu, akanionyesha ujumbe. Uliandikwa hivi: dawa mpya ya nywele kutoka Marekani, imeidhinishwa na serikali, inafaa wakubwa na watoto, chupa moja shilingi 18,000. Alikuwa ameshauza mbuzi. Akaniuliza, "Sista, hii ndiyo ile dawa tuliyoambiwa inakuja? Nitume pesa?"

Sikumcheka. Ndani ya ujumbe ule kulikuwa na ukweli kidogo, na ule ukweli kidogo ndio uliokuwa ukiuza chupa. Hebu tuuchambue pamoja.

Kwanza, tujue mtoto anaumwa nini, kwa sababu si kila kichwa kinachopoteza nywele kina ugonjwa mmoja. Kwa watoto wetu, mara nyingi ni choa, au mashilingi kama wengi tunavyoyaita. Hapo ngozi huwa na magamba, huwasha, na nywele hukatika karibu na ngozi. Mafuta ya kupaka peke yake hayaponyi choa cha kichwani, maana kuvu huwa wameingia ndani ya unywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na dawa hiyo ipo siku nyingi. Wengine nywele zao hung'oka kwenye paji la uso kwa sababu ya kusukwa kwa kubana. Mtoto akilia kwa msusi, mwambie msusi alegeze. Ukiacha mapema nywele hurudi, ukiendelea miaka mingi mizizi hufa na haitarudi. Nawe mama uliyejifungua, ukiona nywele zinabaki kwenye kitana mtoto akiwa na miezi mitatu au minne, usiogope. Kwa kawaida hurudi zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka au karibu na hapo. Hakuna haja ya chupa yoyote.

Binti yule hakuwa na hata moja kati ya hayo. Ugonjwa wake madaktari huuita alopesia areata. Askari wa mwili, wale wanaotulinda na viini, hukosea adui wakaishambulia mizizi ya nywele. Hauambukizi, wala hautokani na uchafu. Si dalili ya Ukimwi, na hakuna aliyemroga mtoto.

Ni ugonjwa huo ambao umepata dawa mpya, na hapa ndipo penye ukweli niliousema. Mwezi wa Juni mwaka 2022, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ile inayoitwa FDA, iliidhinisha vidonge vinavyoitwa Olumiant kwa watu wazima waliopoteza nywele nyingi kwa ugonjwa huu. Juni mwaka 2023 ikaidhinisha vingine, Litfulo, kwa walio na miaka 12 na zaidi. Julai mwaka 2024 ikaja Leqselvi, kwa watu wazima tu. Kabla ya hapo hakukuwa na dawa ya kumeza iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo hasa. Kwa hiyo aliyesema dawa imepatikana hakudanganya.

Sasa sikiliza kilichoachwa nje ya ujumbe.

Olumiant ilijaribiwa kwa watu 1,200 katika majaribio mawili. Wengine walipewa dawa, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa, bila wao kujua ni vipi. Baada ya wiki 36, kati ya kila watu watatu waliopewa kipimo kikubwa, karibu mmoja alikuwa na nywele katika sehemu kubwa ya kichwa. Waliopewa vidonge vitupu, hata mmoja kati ya 20 ni shida. Ni mafanikio ya kweli hayo, lakini wawili katika watatu hawakufika hapo. Na mtu akiacha kumeza, mara nyingi nywele huanguka tena.

Tena kuna jambo ambalo linatuhusu sisi wa huku kuliko hata Wamarekani. Dawa hizi hufanya kazi kwa kuwapunguza nguvu askari wa mwili. Sasa mama, askari hao hao ndio wanaokifunga kifua kikuu kilicholala mapafuni kisiamke. Pakiti za dawa hizi zina onyo kali juu ya maambukizi mabaya, kikiwemo kifua kikuu, na pia juu ya saratani na damu kuganda. Daktari hapaswi kuzianza kabla ya kumpima mtu kifua kikuu na kuangalia damu yake. Yule muuzaji wa simu, je, aliuliza kama kuna mtu anayekohoa nyumbani? Aliuliza chanjo za mtoto? Aliuliza namba ya kupokelea pesa tu.

Na umri? Hadi mwisho wa mwaka 2025 hakuna hata kidonge kimoja kati ya hivyo vitatu ambacho Marekani ilikuwa imekiidhinisha kwa ugonjwa huu wa nywele kwa mtoto aliye chini ya miaka 12. Binti ana miaka 9. Hata bei ingetosha kutufungua macho. Litfulo ilipotoka kule, bei yake iliyotangazwa ilikuwa karibu dola 49,000 kwa mwaka mmoja. Linganisha na chupa ya shilingi 18,000. Mwenye kukuuzia ng'ombe kwa bei ya kuku, mwulize ng'ombe yuko wapi.

Mama yule akaniuliza tena, "Na hizo nyingine zinazosemwa zinakuja mwaka ujao?"

Habari za "mwaka ujao" nimezisikia tangu nianze kazi. Nitawapa mfano mmoja. Mwaka 2012 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliandika kwamba katika ngozi ya wanaume wenye upara kuna kemikali fulani nyingi inayozuia nywele kuota. Magazeti yalishangilia. Ilikuwepo dawa ya kumeza iitwayo setipipranti, iliyotengenezwa kwa mambo mengine, ambayo huzuia kazi ya kemikali hiyo. Watu wakaanza kuhesabu miezi. Wengine hawakungoja majaribio, wakainunua kwa njia za panya. Matokeo ya jaribio lenyewe yalipochapishwa mwaka 2021, dawa hiyo haikushinda kidonge kitupu. Ni miaka tisa ya kungoja, na walioinunua hawakurudishiwa pesa.

Haimaanishi kila kinachosemwa ni bure. Mwaka 2025 kampuni ya Marekani iitwayo Pelage ilitangaza matokeo ya dawa ya kupaka inayoitwa PP405, ya kuamsha mizizi iliyolala. Yalitia moyo, lakini waliojaribiwa hawakufika mia moja. Klaskoteroni, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2020 kama dawa ya chunusi, imefika awamu ya tatu ya majaribio kwa upara wa wanaume. Angalia lakini: hizi mbili ni za upara wa kurithi, ule wa baba na babu. Si za viraka vya mtoto.

Kuna safari ambayo dawa lazima iende. Awamu ya kwanza ni watu wachache, kuona kama inadhuru. Ya pili ni wengi kidogo, kuona kama inafanya kazi na kwa kipimo gani. Ya tatu ni mamia au maelfu, ikilinganishwa na kidonge kitupu au dawa nyingine. Kisha makaratasi hupelekwa kwa serikali, na huko Marekani kwa kawaida husomwa kwa miezi 10 hadi 12. Nyingi hufia njiani. Na ikishaidhinishwa Marekani, bado haijaidhinishwa Kenya. Hapa kwetu mwenye kazi hiyo ni Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo husajili dawa kabla ya kuuzwa. Neno "imeidhinishwa" peke yake halitoshi. Uliza: na nani, kwa ugonjwa gani, kwa mtu wa umri gani? Mwenye duka la dawa lenye leseni anaweza kukuambia kama dawa imesajiliwa nchini. Kama chupa haina jina la mtengenezaji, wala namba ya toleo, wala tarehe ya mwisho wa matumizi, usimpe mtoto.

Pengine unaona nakaza sana. Mwaka 2019 nchini Hispania, watoto wachanga zaidi ya kumi walianza kuota nywele usoni, mgongoni na mikononi. Wazazi wao walikuwa wamewapa dawa ya tumbo, omeprazoli, iliyoandikwa hivyo kwenye chupa. Ndani yake mlikuwa na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, iliyowekwa humo kwa makosa. Serikali ya huko iliweza kuifuata kwa namba za toleo na kuiondoa madukani. Chupa uliyoletewa na bodaboda bila namba, nani ataifuata?

Na kwa kuwa nimeitaja minoksidili, baba akiipaka kichwani, kama wengi wanavyofanya siku hizi hata kwenye ndevu, anawe mikono na asimlaze mtoto mchanga kichwani au shavuni pake. Imeshatokea Ulaya watoto kuota manyoya kwa kuguswa hivyo. Ichupa yake ikae juu, penye kufuli. Mtoto akiinywa, presha hushuka na moyo huenda mbio, naye ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Kama baba anatumia finasteridi, wewe mjamzito usishike kidonge chake kilichovunjika, kwani kinaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni.

Turudi kwa mama wetu. Sikuwa na kidonge cha kumpa, na hilo lilinikera kama lilivyomkera yeye. Tulimwandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti kwa daktari wa ngozi. Huko hutumia dawa ya kupaka ya kutuliza askari wa mwili pale penye kiraka, na wanayo ya watoto. Tulimwambia pia kwamba wengi wenye viraka vichache, karibu nusu, nywele zao hurudi zenyewe ndani ya mwaka mmoja. Nusu si wote, na sikumficha. Kisha nikaandika barua nyingine, kwa mwalimu mkuu, fupi tu: ugonjwa huu hauambukizi, mtoto aruhusiwe kofia darasani, na tafadhali azungumze na wenzake. Ukiwa na mtoto wa namna hii, omba barua hiyo kliniki. 

Alirudi wiki iliyopita. Hakutuma zile pesa. Zilizobaki baada ya nauli na dawa ya daktari, amenunua mbuzi mmoja. Kile kiraka cha kisogoni kimeanza kuota vinywele vyeupe, vyembamba kama vya mzee, na mama akadhani ni ugonjwa mwingine. Nikamweleza kwamba mara nyingi huanza vyeupe hivyo, rangi hufuata baadaye. Kile cha juu ya sikio kimepanuka kidogo, nasi bado tunakitazama. Mtoto yuko shuleni, na kofia yake ni ya rangi ya sare.

Mwenye swali alete kliniki siku za chanjo, nitalijibu hapa wiki ijayo. Kwaherini.