Mke wa Jenerali, Baba wa Sajini

Msikilizaji, jina la William Sherman linakumbukwa kwa kuteketezwa kwa Atlanta mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Miaka mitatu kabla ya hapo lilikuwa jina lililochafuka. Novemba 1861 aliondolewa kwenye uongozi wa majeshi Kentucky, na mwezi uliofuata gazeti moja la Cincinnati likatangaza kwamba ana wazimu.

Aliyesimama kumtetea ni mkewe, Ellen. Alimwandikia Rais Lincoln, kisha Januari 1862 akafunga safari hadi Washington pamoja na baba yake, Thomas Ewing, aliyewahi kuwa waziri, wakaonana na Rais. Shemeji yake Ellen, John Sherman, naye alikuwa seneta. Baada ya mapigano ya Shiloh, Sherman akawa meja jenerali. Cheo alikitolea jasho, sikatai. Ila kwanza kuna waliomshika mkono asizame.

Sasa mtazame mzazi mwingine. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, aliwatoa wanawe Lewis na Charles kwa kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari weusi. Agosti 1863 naye alifika kwa Lincoln, akawasemea askari weusi wote: walipwe sawa, wapandishwe vyeo kwa haki. Mweupe alipata dola 13 kwa mwezi. Mweusi 10, tena 3 zikikatwa za sare. Bunge lilisawazisha mishahara mwaka 1864. Lewis, aliyepigana katika mapigano ya Fort Wagner, alikuwa sajini meja. Milango ya uofisa, kwa vijana kama yeye, ilikuwa karibu imefungwa kabisa.