Kiti cha Butiama hakipigiwi kura

Butiama ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Wanafunzi watapigiana kampeni za serikali yao. Makamu mkuu wa chuo, hata hivyo, huteuliwa. Mwalimu mwenyewe, akiwa Rais na Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1970 alimteua Pius Msekwa, aliyetoka ukatibu wa TANU. Lakini Edinburgh, alikohitimu Mwalimu mwaka 1952, rekta huchaguliwa: mwaka 1972 alishinda Gordon Brown, mwanafunzi, akawa anaongoza vikao vya baraza la chuo! Sisemi tuige yote. Ila anayekitaka kiti cha makamu mkuu wa Butiama angeeleza mipango yake hadharani, wakulima wa pamba wa Bunda na wavuvi wa Musoma wamhoji.