Kipimo Tunachopimia

Dominika ya 7 ya Mwaka C
Injili: Luka 6:27–38



Injili ya Dominika hii inaanza na upendo kwa adui, nayo inamalizika kwa mfano wa sokoni. Bwana wetu anatuonyesha mtu anayempimia mwenzake nafaka. Anajaza chombo, anakitikisa ili nafaka ishuke, anaongeza tena mpaka inapita ukingo, kisha anammiminia mwenzake katika vazi lake. Ndipo Bwana anapotuambia kwamba kwa kipimo kile kile tunachowapimia wengine, sisi nasi tutapimiwa.

Sisi wakazi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji maelezo marefu ya mfano huo. Tunalijua gunia lililojazwa likapita mdomo wake, likaongezewa kipande cha gunia jingine na kufungwa kwa kamba. Tunaliita lumbesa. Viazi vya Umalila, vya Makete na vya Njombe vimepakiwa hivyo kwa miaka mingi. Sheria ya Vipimo inataka mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Hata hivyo, mara nyingi mkulima amelipwa bei ya gunia moja, huku mzigo uliopanda lori umezidi gunia moja.

Huenda mtu akauliza: Je, lumbesa si kipimo kile kile cha Injili, kilichojaa na kufurika? Ndugu wapendwa, tuangalie mkono unaojaza. Katika Injili, aliye nacho anajaza kwa hiari kwa sababu anamhurumia anayepokea. Katika lumbesa, mwenye fedha na lori anamshurutisha mwenye jembe. Kufurika kwa kwanza ni zawadi. Kufurika kwa pili ni dhuluma. Kwa macho magunia yanafanana, lakini mbele ya Mungu yametengana kama mbingu na nchi.

Hapa ndipo imani yetu katika Biblia inapopimwa. Wengi wetu tunasema kwa moyo kwamba Biblia ni Neno la Mungu. Tunaibeba katika maandamano, tunaifukizia ubani, tunaiweka mahali pa heshima sebuleni. Hayo ni mema. Lakini kumwamini mtu ni kutenda kwa kutegemea neno lake. Mgonjwa anayemsifu daktari na kuacha dawa juu ya kabati, hamwamini daktari yule. Mtume Yakobo naye anatufundisha kwamba anayesikia Neno bila kulitenda amefanana na mtu aliyejitazama katika kioo, akaenda zake na kuusahau uso wake.

Tufungue kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19. Katika aya ya 18 tunakuta amri ya kumpenda jirani kama nafsi yetu, amri ambayo Bwana wetu aliiweka pamoja na ile iliyo kuu. Wengi tunaikumbuka. Lakini sura ile ile, katika aya ya 13, inakataza kukaa na ujira wa kibarua mpaka asubuhi. Na katika aya za 35 na 36 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki. Mungu hakuziandikia amri hizi vitabu viwili, kimoja cha kanisani na kingine cha sokoni. Naye nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea watu walioishika Sabato huku mioyo yao ikihesabu saa, wakingoja sikukuu ipite ili wapunguze kipimo na kupandisha bei.

Wala tusidhani kwamba onyo hili ni la wenye malori peke yao. Mkulima anayeficha viazi vilivyooza katikati ya gunia, muuzaji anayepimia kwa debe lililobonyezwa, tajiri wa shamba anayemwambia kibarua arudi wiki ijayo: wote wamepima. Tukilalamikia kipimo cha wakubwa, tuangalie pia kile tunachowapimia wadogo wetu.

Hatuwezi kujitetea kwamba Neno liko mbali. Tarehe 18 Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iitwayo Dei Verbum, ikitaka waamini wafunguliwe wazi njia ya kuyafikia Maandiko Matakatifu. Huku kwetu, mwaka 2003 ilianza jijini Mbeya kazi ya kuyatafsiri Maandiko kwa pamoja katika lugha kumi za mikoa ya Mbeya na Iringa ya wakati ule, zikiwamo Kisafwa, Kimalila, Kinyiha, Kisangu, Kibena na Kikinga. Mungu anapomwambia bibi kizee habari za mizani kwa lugha ile ile anayoitumia kuuza viazi vyake, Neno limefika mlangoni.

Lakini tuseme kweli: kutii kuna gharama. Mkulima akikataa lumbesa peke yake, lori huenda shamba la jirani, naye hubaki na viazi vinavyooza, ilhali ada ya shule inadaiwa. Mfanyabiashara mwaminifu naye hushindwa na wenzake kwa bei. Hatuna haki ya kumbebesha mtu mmoja msalaba huu na kumwambia awe na imani tu. Ndiyo maana mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA, walizipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo nafasi ya kwanza katika uchungaji. Lililo gumu kwa mmoja, nyumba kumi na tano zilizoungana zinaweza kulianza.

Kwa hiyo twawaomba makatekista wetu jambo moja. Katika ile njia ya hatua saba za kushirikishana Neno, hatua ya sita inauliza: Bwana anataka tutende nini? Mara nyingi tunaipita upesi ili tufike kwenye sala za kufungia. Wiki hii tukae hapo. Jumuiya isome Walawi 19, kisha ijiulize: Je, tunaweza kupatana kuuza kwa mizani, nyumba zote pamoja? Je, yuko kibarua tunayemdai kazi huku yeye anatudai ujira? Tuchague jambo moja, tulitaje, tulitende, na juma linalofuata tuulizane.

Ee Baba mwenye huruma, uliyetupimia kwa wingi katika Mwanao, utujalie mikono isiyodhulumu, na mioyo inayolitegemea Neno lako siku ya ibada na siku ya gulio. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.