Kumleta Staa au Kusubiri Vijana: Mafunzo ya Drafti ya 2009



Mada niliyopewa inauliza swali ambalo kila shabiki wa kikapu analo jibu lake hata kabla hujamaliza kuuliza. Timu inashinda lakini haifiki kwenye ubingwa: itoe vijana wake imlete staa, au iwavumilie vijana mpaka wakomae? Nitatumia mifano ya NBA, maana huko mikataba, umri na matokeo viko wazi kwa kila mtu, na nitarudi mara kwa mara kwa kundi moja, la wachezaji waliochaguliwa kwenye drafti ya Juni 2009. Kundi hilo linatuhusu. Wa kwanza kuitwa alikuwa Blake Griffin na wa pili Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Wa tatu James Harden, wa saba Stephen Curry, wa tisa DeMar DeRozan. Wengi wao walikuja kuwa kiini cha swali letu la leo.

Kwanza tuwekane sawa. Sisi tumezoea usajili wa soka: Simba au Yanga ikimtaka mtu, dirisha likifunguliwa fedha zinaongea. NBA fedha peke yake hazimng'oi mchezaji mwenye mkataba. Kuna ukomo wa mishahara, na klabu inayomtaka staa wa wenzake kwa kawaida hutoa wachezaji ambao mishahara yao inakaribiana na wake, pamoja na zamu zake za kuchagua chipukizi katika drafti za miaka ijayo. Zamu hizo ndizo sarafu yenyewe. Tena ligi haina kushuka daraja. Timu mbovu ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuchagua mapema. Kwa hiyo ukitoa zamu yako ya miaka minne ijayo, umetoa kitu ambacho thamani yake itapanda kadiri wewe utakavyoanguka. Siku ukianguka, atakayekula ni yule uliyempa.

Cleveland yaliwakuta mapema. Mwaka 1980 waliwapa Lakers zamu yao ya 1982. Ulipofika mwaka huo Cleveland wako mkiani, na Lakers, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa, wakachagua wa kwanza na kumpata James Worthy. Mmiliki Ted Stepien aligawa zamu nyingine nyingi, hadi ligi ikaweka kanuni ya kuzuia klabu isijiachie bila zamu ya raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo, na sidhani kama aliyeipa jina alikusudia kumsifu.

Brooklyn, 2013

Kanuni haikuwasaidia Brooklyn Nets. Klabu ilikuwa imehamia Brooklyn kutoka New Jersey mwaka 2012, ina uwanja mpya na mmiliki tajiri wa Kirusi, Mikhail Prokhorov, mwenye haraka ya kombe. Mwaka 2013 wakawachukua Kevin Garnett na Paul Pierce kutoka Boston Celtics. Majina mazito, mabingwa wa 2008. Lakini Garnett alikuwa na miaka 37 na Pierce 35. Boston wakapewa zamu za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, na juu yake haki ya kubadilishana zamu mwaka 2017.

Msimu uliofuata Brooklyn walishinda michezo 44 na kupoteza 38, huku wakilipa kodi ya mishahara iliyozidi dola milioni 90. Waliwatoa Toronto katika raundi ya kwanza, tena kwa mkono wa Pierce kuuzuia mpira wa Kyle Lowry sekunde ya mwisho ya mchezo wa saba. Raundi ya pili Miami wakawatoa kwa michezo 4-1. Faida iliishia hapo. Pierce akaondoka mwaka 2014, Garnett mapema 2015.

Msimu wa 2015-16 Brooklyn walishinda michezo 21, na uliofuata wakashinda 20, wa mwisho ligi nzima. Klabu nyingine ikifika hapo hujifariji kwa chipukizi, lakini zamu zao zilikuwa mikononi mwa Boston. Ya 2016 ikamleta Jaylen Brown. Ya 2017, baada ya Boston kubadilishana tena na Philadelphia, ikamleta Jayson Tatum. Mwaka 2024 Boston wakawa mabingwa na Brown mchezaji bora wa fainali. Brooklyn waliugharamia ubingwa wa mahasimu wao miaka 11 kabla haujachezwa.

Husemwa kwamba Brooklyn walikosa subira. Mimi naona waliteleza kwenye hesabu ya umri. Walinunua misimu miwili ya wazee wakalipa kwa misimu ambayo wazee hao wasingekuwepo tena.

Mchezaji mmoja, majibu mawili

Mfano ulionisumbua zaidi ni wa katikati ya mwaka 2014, kwa sababu unakataa jibu jepesi. Kevin Love wa Minnesota alikuwa sokoni. Alikuwa na miaka 25, na msimu uliokuwa umekwisha alikuwa na wastani wa pointi 26 na ribaundi zaidi ya 12 kwa mchezo. Golden State walipomwulizia, Minnesota walimtaka Klay Thompson. Ndani ya klabu watu waligawanyika. Jerry West, mshauri wao, alipinga waziwazi, na mwishowe wakakataa. Cleveland walitakiwa kumtoa Andrew Wiggins, aliyekuwa amechaguliwa wa kwanza kwenye drafti miezi miwili tu nyuma. Wakamtoa, na Anthony Bennett, wa kwanza wa 2013, wakamwongeza.

Golden State walitwaa ubingwa wa 2015 kwa kuwafunga Cleveland haohao, wakiwa na Curry, Thompson na Draymond Green, wote watatu waliokuzwa palepale. Mwaka mmoja baadaye Cleveland wakalipa kisasi. Ni tarehe 19 Juni 2016, Oakland, mchezo wa saba, imebaki chini ya dakika moja. Kyrie Irving amekwisha kufunga pointi tatu na Cleveland wanaongoza 92-89. Curry anageuka na kumkuta Love mbele yake. Love hakuwa mkabaji; ni mzito, na miguu yake haina kasi. Curry akayumba huku, akayumba kule, akatoa pasi, akarudishiwa, na bado Love yuko naye, mikono juu. Mpira wa pointi tatu ukakosa. Cleveland walishinda 93-89, ubingwa wao wa kwanza tangu klabu ianze mwaka 1970.

Hapo nani alikosea? Hakuna. Tofauti yao ilikuwa umri wa nguzo ya timu. LeBron James alikuwa ndio kwanza amerudi Cleveland, anakaribia miaka 30. Wiggins, hata angeiva vizuri namna gani, angeiva nguzo ikiwa inachoka. (Kwamba LeBron angevuka miaka 40 bado yumo uwanjani, mwaka 2014 nani angethubutu kuliandika hilo?) Golden State walikuwa na Curry wa miaka 26, na Thompson na Green wa miaka 24. Kocha Steve Kerr alikuwa hata hajaongoza mchezo mmoja wa ligi, na Green msimu uliopita alianzia benchi mara nyingi. Kumtoa Thompson wakati ule kungekuwa kuuza shamba kabla ya kuona mavuno ya kwanza.

Tena subira ya Golden State haikuwa ya kukunja mikono. Machi 2012 Curry alikuwa akisumbuliwa na kifundo cha mguu, na mfungaji kipenzi cha mashabiki alikuwa Monta Ellis. Klabu ikamwuza Ellis kwa Milwaukee na kumchukua Andrew Bogut, ambaye wakati huo alikuwa majeruhi. Siku chache baadaye mmiliki Joe Lacob aliposhika kipaza sauti katikati ya uwanja wake mwenyewe, alizomewa hadi maneno yakamkauka. Kiongozi anayesema ana subira ajiandae kwa siku ya namna hiyo.

Toronto na Clippers

Mwaka 2018 Toronto walishinda michezo 59, wa kwanza Kanda ya Mashariki, kisha Cleveland wakawatoa 4-0, kama walivyowatoa mwaka uliotangulia. Rais wa klabu, Masai Ujiri kutoka Nigeria, akamtoa DeRozan, aliyecheza hapo misimu tisa na kuupenda mji ule, pamoja na Jakob Poeltl na zamu moja tu, nayo ina kinga. Akawapata Danny Green na Kawhi Leonard, ambaye msimu uliopita alicheza michezo tisa tu na angeweza kuondoka baada ya mwaka mmoja. Kweli aliondoka, lakini aliwaacha wakiwa mabingwa wa 2019. DeRozan hakuficha uchungu wake, na sioni sababu ya kumlaumu.

Cha kutazama ni wale ambao Ujiri hakuwatoa. Pascal Siakam wa Cameroon, wa 27 katika drafti ya 2016. OG Anunoby, wa 23 mwaka 2017. Fred VanVleet, ambaye hakuchaguliwa na klabu yoyote. Msimu wa kwanza bila Leonard, Toronto walishinda michezo 53 na kupoteza 19.

Clippers, walioondoka na Leonard, walitaka awe na mwenza. Wakamchukua Paul George kutoka Oklahoma City kwa bei ya Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, zamu tano za raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana zamu. George aliondoka mwaka 2024 bila kuifikisha klabu kwenye fainali. Oklahoma City walipitia misimu miwili ya kushinda michezo 22 na 24, na mwaka 2025 wakawa mabingwa. Gilgeous-Alexander alikuwa mchezaji bora wa msimu na wa fainali, na pembeni yake alikuwepo Jalen Williams, aliyepatikana kwa mojawapo ya zamu zile.

Wasije watetezi wa subira wakashangilia mno. Philadelphia walisubiri kwa makusudi mpaka wakafika ushindi 10 na vipigo 72 msimu wa 2015-16. Walimpata Joel Embiid, lakini tangu hapo hawajavuka raundi ya pili. Ligi nayo ikachoshwa na timu zinazotafuta kufungwa: kuanzia drafti ya 2019, nafasi ya timu ya mwisho kupata zamu ya kwanza ilishushwa kutoka asilimia 25 hadi 14.

Thabeet, na sisi

Memphis walipomchagua Thabeet, senta wao alikuwa Marc Gasol, kijana wa miaka 24 aliyekuwa anapanda. Kijana mrefu wa mita 2.21, aliyeanza kikapu amekwisha kuwa na miaka kama 15, alihitaji kucheza na kukosea uwanjani. Msimu wa kwanza alipata wastani wa dakika 13 kwa mchezo. Februari 2011 wakampeleka Houston, pamoja na DeMarre Carroll na zamu ya raundi ya kwanza, ili wamrudishe Shane Battier wa miaka 32. Kwa Memphis ilikuwa hesabu sahihi. Aprili ile walikuwa wa nane, wakaenda San Antonio kwa timu iliyoshika nafasi ya kwanza, na zikiwa zimebaki sekunde 23.9 Battier akafunga pointi tatu. Walishinda 101-98, ushindi wao wa kwanza kabisa katika hatua ya mtoano baada ya vipigo 12, na mwishowe wakawatoa San Antonio 4-2. Kwa Thabeet, alihama kutoka Houston hadi Portland na Oklahoma City bila kupata mahali pa kukomaa.

Tukimzungumzia Thabeet huku kwetu, wengi humpima kwa majina ya Harden na Curry waliochaguliwa baada yake. Kipimo hicho hakimtendei haki. Curry alipewa timu. Thabeet alipewa benchi nyuma ya Gasol.

Na hapo ndipo vilabu vyetu vinapoguswa. Sisi hatuna drafti wala zamu za kubadilishana, lakini nasi tunalipa, tena kwa dakika. Klabu inayoleta mgeni wa wiki chache kwa ajili ya mtoano imezichukua dakika hizo kwa kijana wa miaka 19, na hesabu hiyo haiandikwi popote. Nakubali kuna mwaka wa kufanya hivyo: kama nguzo ya timu ina miaka 31 na kinachokosekana ni mtu mmoja, mleteni mgeni, msisite. Kama nguzo ina miaka 20, fedha hizo zilipe kocha wa vijana.

Naomba basi kabla ya majadiliano ya mchana kila klabu iandike majina ya wachezaji wake 12, umri wa kila mmoja na dakika alizocheza msimu uliopita. Viongozi waje na karatasi hizo mkononi, na jina la staa wanayemtaka liandikwe mwisho kabisa, chini ya orodha.