KUKU AKIFA ASIFICHWE
(Hotuba kwa wanachama wa Jang'ombe)



Jioni hii mazungumzo yetu ni juu ya kuku. Asicheke mtu. Kuku ni akiba ya mnyonge. Mama mwenye kuku kumi uani ndiye anunuaye madaftari ya skuli na dawa ya mgonjwa.

Yako maradhi yaitwayo mafua ya ndege. Mwaka 1997, kule Hong Kong, yalitoka kwa kuku yakaingia kwa binaadamu. Watu 18 waliugua na 6 wakafa. Tangu mwaka 2003 watu zaidi ya 900 duniani wameshikwa na aina hiyo ya H5N1, na karibu nusu yao wamekufa. Wala hayako mbali nasi. Januari 2017 aina nyingine, H5N8, ilionekana Uganda kwa ndege wa mwituni kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha kwa ndege wa kufugwa huko Masaka. Ndege arukaye haombwi pasi, na pwani zetu kila mwaka hupokea ndege watokao Ulaya na Asia.

Sasa tujitazame wenyewe. Kuku akizubaa na mbawa zikamshuka, tunakimbilia kisu asije akawa kibudu. Tunadhani tumeokoa mali. Kumbe ni katika kumchinja na kumnyonyoa ndipo vijidudu hupata njia ya kuingia puani, machoni na mdomoni. Nyama ikiiva barabara vijidudu hufa. Hatari ni kabla ya kufika chunguni.

Wako watakaosema, hicho ni kideri tu. Huenda. Lakini kideri nacho humaliza banda zima kwa siku chache, na kwa macho matupu maradhi haya mawili hayatambulikani. Mwamuzi ni maabara. Basi wakifa kuku wengi kwa ghafla, tusiwaguse kwa mikono mitupu, watoto tuwaweke mbali, mizoga isitupwe jaani, na waliobaki wasikimbizwe sokoni Darajani. Siku ile ile habari ifike kwa sheha na kwa bwana mifugo.

Lakini tuseme kweli. Mnyonge huficha kwa kuwa anajua kwamba maradhi yakithibitika, kuku wa mtaa mzima watauliwa. Hong Kong waliuliwa zaidi ya milioni 1. Atakayesema kweli atabaki mikono mitupu, na aliyeuza usiku atakuwa na fedha mfukoni. Haki hiyo iko wapi?

Kwa hiyo tunadai fidia, ipangwe kabla ya msiba, na ilipwe upesi. Aliyetoa kuku wake kumi ili mtaa usalimike ametukopesha sisi sote, na deni hulipwa.

Na sisi kila mtaa tuchague watu wawili, mmoja wao awe mama, wa kupokea habari za kuku wanaokufa. Tusingoje kuchimba kaburi la mtu ndipo tuulizane kuku walikufa lini.